Mzigo Upo, Mbebaji Je?

MTAWA WA THERAVADA: Asiyeelewa kilichosemwa kwenye bustani ya kulungu pale Sarnath atapotea katika yote yaliyofuata. Wasikilizaji walikuwa watano tu, wenzake Buddha wa zamani waliomsusa alipoacha kujitesa kwa njaa. Hoja yenyewe ni fupi. Mwili ungekuwa nafsi, mtu angeuamuru uwe hivi, usiwe vile, nao ungetii. Hautii. Unaugua bila kuomba ruhusa na unazeeka bila kuambiwa. Hisia nazo ni vivyo hivyo, na utambuzi, na misukumo ya nia, na fahamu. Mafungu hayo matano yakishapekuliwa moja moja, hakuna linalofaa kuitwa "mimi" wala "changu". Hayo ndiyo mafundisho ya kutokuwa na nafsi, na mapokeo yanasema wote watano walifunguka walipoyasikia.

MWANAMANTIKI: Kufunguka walifunguka, lakini hoja haijafunga. Kusema kwamba nafsi si mwili, si hisia wala si fahamu, ni kusema mahali isipokaa. Bado halijasemwa neno la kuthibitisha kwamba haipo. Uddyotakara, mwanamantiki wa shule ya Nyaya wa karne ya 6, aliliona pengo hilo, kisha akafanya jambo la ujasiri zaidi: aliichukua Sutra ya Mzigo, maneno ya Buddha mwenyewe, akawarudishia Wabuddha. Sutra hiyo inasema mzigo ni yale mafungu matano, na mbebaji ni mtu. Ikiwa mbebaji si chochote zaidi ya mzigo, basi mzigo unajibeba wenyewe, na hakuna haja ya kumhubiria yeyote autue.

MTAWA: Sutra ile ile inamweleza mbebaji kuwa ni mheshimiwa fulani, mwenye jina fulani, wa ukoo fulani. Hiyo ni lugha ya watu ya kila siku. Buddha aliitumia bila wasiwasi. Alichokataa ni mtu kulichukua jina akaligeuza kuwa ushahidi wa kitu cha kudumu kilichojificha nyuma yake.

Mtawa anaipita sutra hii haraka mno. Iliwagawa Wabuddha wenyewe kwa muda wa zaidi ya miaka elfu moja, na waliokuwa upande wa pili hawakuwa wajinga.

MWANAHISTORIA: Kwa mapokeo ya Theravada, mnamo mwaka 250 hivi kabla ya Kristo, katika enzi ya mfalme Ashoka, baraza lilikutana Pataliputra, na mtawa Moggaliputta Tissa akayakusanya mabishano ya siku zile katika kitabu kiitwacho Kathavatthu. Kitabu hicho kinaanza na swali la mtu. Je, mtu anapatikana kwa maana halisi na ya mwisho? Waliojibu ndiyo walikuwa watawa wa Buddha, wenye vichwa vilivyonyolewa kama wenzao. Wakajulikana kwa jina la Pudgalavada, yaani wenye kumtetea mtu. Walisema mtu si kitu kimoja na mafungu matano, wala si kitu mbali nayo, kama moto usivyo kuni wala haukai mbali na kuni. Kama hakuna mtu, waliuliza, aliyetenda jana na anayevuna kesho wanahusianaje?

Wapinzani wao waliwashutumu kwamba wameirudisha nafsi kupitia mlango wa uani. Lakini tusidhani walikuwa kikundi cha pembeni. Xuanzang, mtawa wa China aliyezunguka India katika karne ya 7, alilikuta tawi lao la Sammitiya likiwa miongoni mwa makubwa kabisa nchini humo. Leo halina monasteri hata moja. Maandishi yao machache yamesalia, zaidi katika tafsiri za Kichina, na kwa sehemu kubwa tunawasikia kupitia vinywa vya waliowapinga. Mjadala wowote wa haki lazima ulikumbuke hilo.

MTETEZI WA UTUPU: Tunalikumbuka, lakini mfano wao haukuhimili. Nagarjuna, aliyeishi India mnamo karne ya 2, aliutengea sura nzima, ya 10, katika beti zake za Njia ya Kati. Moto ukiwa ni kitu kimoja na kuni, basi kichomacho na kichomwacho ni kimoja. Ukiwa ni kitu mbali kabisa, ungewaka bila kuni, usingehitaji wa kuuwasha, wala usingezimika. Mtu hawezi kusema "si hili wala lile" huku ameshikilia kwamba kuna kitu halisi kinachozungumziwa.

MWANAMANTIKI: Moto na uwake au uzime, kumbukumbu ipo. Nyaya wana hoja ambayo hata mtoto anaiona: kile nilichokiona kwa jicho ndicho ninachokishika sasa kwa mkono. Jicho halijashika, mkono haujaona. Ni nani aliyeviona kuwa ni kimoja? Mkisema ni mfuatano wa matukio ya akilini, kila tukio likizaliwa na kufa papo hapo, basi tukio la jana limekwisha na la leo halikuwapo jana. Hakuna hata moja linaloweza kusema "ni kile kile".

MTAWA: Mwanazuoni wa Kibuddha Vasubandhu alikabiliana na swali hilo katika sehemu ya mwisho ya kitabu chake, Abhidharmakosha. Devadatta hakumbuki alichokiona Yajnadatta. Kwa nini? Kwa sababu tukio la kuona kwa Yajnadatta halikuwa chanzo cha lolote lililozuka katika akili ya Devadatta. Tukio la leo likiwa limetokana na la jana kwa njia inayofaa, kumbukumbu inatokea, na hakuna mwenye nyumba anayehitajika ndani. Mskoti David Hume alifika karibu na hapo mwaka 1739 alipojichungulia akakuta mitazamo tu inayopishana. Derek Parfit wa Oxford alifika karibu zaidi mwaka 1984, akasema waziwazi kwamba Buddha angekubaliana naye.

MWANAMANTIKI: "Kwa njia inayofaa." Maneno hayo matatu yamebeba kazi yote ya nafsi, mheshimiwa. Mwalimu akimfundisha mwanafunzi, tukio la akili yake linazaa tukio katika akili ya mwanafunzi. Hata hivyo mwanafunzi hakumbuki utoto wa mwalimu. Mkitakiwa kueleza ni mfuatano upi ni wangu na upi ni wake, mtalazimika kumtaja mwenyewe, ambaye ndiye mliyemkana.

MTAWA: Jibu halimtaji mwenyewe, linataja mwili mmoja, mazoea mamoja, hamu zilizolimbikizwa pamoja. Na swali hilo si geni. Aliliuliza mfalme.

Mfalme huyo ni Milinda, ambaye Wagiriki walimwita Menander, aliyetawala kaskazini-magharibi mwa India katikati ya karne ya 2 kabla ya Kristo. Sarafu zake za fedha zingalipo: upande mmoja Kigiriki, upande wa pili maandishi ya Kharoshthi. Kitabu cha Maswali ya Milinda kinamleta mbele ya mtawa Nagasena, ambaye anasema jina hilo ni jina tu, hakuna mtu anayepatikana hapo. Watu huukumbuka mfano wa gari la farasi na kusahau kilichoutangulia. Mfalme aligeukia umati, kisha akamuuliza mtawa: kama hakuna Nagasena, ni nani anayepewa majoho na chakula? Ni nani anayeshika amri, na ni nani anayezivunja? Mtu akikuua wewe, kumbe hakuna muuaji. Swali la maadili lilikuja kwanza.

MTAWA: Na jibu likaja. Nagasena alimuuliza mfalme amefikaje. Kwa gari. Je, ekseli ndiyo gari? Hapana. Magurudumu? Hapana. Nira, hatamu, mchokoo wa kuswagia? Hapana. Vyote pamoja? Hapana. Kitu kingine nje ya hivyo? Hapana. Basi gari liko wapi? Mfalme akakiri kwamba "gari" ni jina linalotumika kwa sababu ya vipande hivyo. Na kuhusu wajibu, Nagasena alitoa kisa cha mwizi wa maembe. Mwizi anajitetea kwamba maembe aliyochuma siyo yale aliyoyapanda mwenye shamba. Hakuna hakimu atakayemwachia, kwa kuwa la juu limetokana na la chini. Anayezaliwa upya naye si yule yule aliyekufa, wala si mwingine.

MWANAMANTIKI: Kisa hicho kinaeleza embe. Mwizi je? Hadithi nzima inasimama kwa sababu aliyechuma usiku ndiye aliyesimama mbele ya hakimu asubuhi. Ondoeni hilo, na mwizi atakuwa na utetezi wa pili, mzuri kuliko ule wa kwanza.

MTETEZI WA UTUPU: Hapo mwanamantiki amegusa penyewe, ingawa si kwa sababu anayoidhani. Kosa la watawa wa Abhidharma, wachambuzi wa mafundisho, halikuwa kulivunja gari. Waliacha kazi katikati. Walimvunja mtu hadi wakafika kwenye viasili ambavyo waliamini havivunjiki, wakavihesabu: orodha ya shule ya Sarvastivada ilifikia 75, ya Theravada 82. Kila kimoja, walisema, kina asili yake ya kujitegemea. Sarvastivada wakaongeza kwamba viasili hivyo vipo katika wakati uliopita, uliopo na ujao. Mtu amefukuzwa nyumbani, na ufunguo amekabidhiwa kijakazi! Sutra za Ukamilifu wa Hekima zikaja kusema kwamba hata viasili hivyo ni vitupu. Mojawapo, Sutra ya Almasi, ilichapishwa China mwaka 868, na nakala yake iliyopatikana Dunhuang, ambayo sasa iko London, ndicho kitabu cha kale zaidi kilichochapwa chenye tarehe kinachojulikana. Nagarjuna alilipa wazo hilo mantiki katika beti 450 hivi.

MTAWA: Na hapo ndipo njia zinapoachana. Utupu umo katika maneno ya Buddha, hakuna anayebisha. Mwanafunzi wake Ananda alipomuuliza kwa nini dunia huitwa tupu, alijibiwa kwamba ni tupu kwa kukosa nafsi na vya nafsi. Tazameni pia Sutra Fupi ya Utupu. Buddha yuko katika jumba la mama yake Migara, anamwonyesha Ananda jumba lenyewe: hapa hakuna tembo, ng'ombe wala farasi, hakuna dhahabu wala fedha, hakuna mkusanyiko wa wanaume na wanawake. Kilichopo ni jumuiya ya watawa. Kisichokuwapo, mtawa anakiona hakipo. Kinachobaki, anakijua kuwa kipo. Zoezi linaendelea hatua kwa hatua, na katika kila hatua kuna kilichobaki. Utupu ni wa kitu fulani, mahali fulani. Utupu wa kila kitu hauna pa kusimama.

Hii ndiyo hoja yenye nguvu zaidi ya upande wa mtawa. Haikuwavutia Theravada peke yao. Tutaiona ikirudi katika milima ya Tibet.

MTETEZI WA UTUPU: Hoja nzuri, lakini inadhani utupu unamaanisha kutokuwapo. Nagarjuna hakusema vitu havipo. Alisema havina asili ya kujitegemea, na sababu yake ni moja: vinatokea kwa kutegemeana. Chenye asili yake chenyewe hakihitaji chanzo, hakibadiliki, hakikomi. Hakuna kitu cha namna hiyo. Naye hakudai kwamba amegundua jipya. Katika kitabu chake chote ametaja kwa jina sutra moja tu, ile ya Katyayana, ambamo Buddha anamwambia mwanafunzi wake kwamba watu huegemea ama "ipo" ama "haipo", na kwamba yeye anafundisha katikati, kwa kueleza jinsi mambo yanavyotokea kwa kutegemeana. Mheshimiwa mtawa anayo sutra hiyo hiyo katika makusanyo yake ya Kipali. Mtafuta ukweli mmoja, Vacchagotta, naye alimuuliza Buddha, je, nafsi ipo? Akanyamaza. Je, haipo? Akanyamaza tena. Anayesema "haipo" kwa sauti kubwa amemzidi Buddha.

MTAWA: Alinyamaza, na baadaye akamweleza Ananda kwa nini. Vacchagotta alikuwa amechanganyikiwa tayari. Angesikia "haipo", angedhani alichokuwa nacho jana kimepotea leo. Huo ulikuwa ukimya wa mwalimu kwa mwanafunzi mmoja. Kuugeuza kuwa falsafa nzima ni kumsomea Buddha yasiyokuwamo.

MWANAMANTIKI: Nami niulize la kwangu. Ikiwa kila kitu ni kitupu, maneno ya Nagarjuna nayo ni matupu. Maneno matupu hayawezi kukanusha chochote. Na kama hayo tu si matupu, basi si kila kitu ni kitupu. Mtetezi achague.

MTETEZI WA UTUPU: Nagarjuna alikiandikia kitabu kizima pingamizi hilo, Vigrahavyavartani, na hakukwepa. Ndiyo, maneno yangu ni matupu, alisema, nayo yanafanya kazi kwa sababu hiyo hiyo. Gari, chungu na nguo ni vitupu, lakini vinabeba kuni, vinahifadhi maji, vinakinga baridi. Angekuwa na dai lenye asili yake, kosa lingekuwa lake. Dai la namna hiyo hana.

MWANAMANTIKI: Mtu asiye na dai hajashinda wala hajashindwa. Amejitoa uwanjani.

MWANAHISTORIA: Hata wenzake Nagarjuna wa Mahayana, tawi la Ubuddha alilokuwamo, hawakutulia. Asanga na Vasubandhu, ndugu wawili wa karne ya 4 au ya 5, waliona utupu mtupu hauelezi jinsi tendo la leo linavyozaa tunda baada ya miaka mingi. Wakazungumzia fahamu-ghala, ambamo mbegu za matendo hukaa zikisubiri. Wapinzani wakauliza kama hiyo si nafsi iliyovishwa nguo nyingine. Kisha zikaja sutra za asili ya Buddha, na mojawapo, Mahaparinirvana ya Mahayana, haioni haya kulitumia neno nafsi.

Kilele cha mvutano huo kilikuwa Tibet. Dolpopa, aliyeishi kati ya 1292 na 1361, alifundisha kwamba uhalisi wa mwisho ni mtupu kwa kukosa yale yasiyo yake, lakini wenyewe si mtupu. Hiyo ni mantiki ya lile jumba la mama yake Migara, imepandishwa juu kabisa. Tsongkhapa, aliyezaliwa 1357, aliipinga kwa nguvu zote: hakuna kinachobaki, hata utupu ni mtupu. Katika karne ya 17, chini ya serikali ya Dalai Lama wa Tano, monasteri kuu ya Jonang, shule ya Dolpopa, huko Tibet ya kati ilichukuliwa na kukabidhiwa wafuasi wa Tsongkhapa. Siasa ilikuwa na mkono wake hapo, tena mkubwa, na Jonang wakabaki hai mashariki. Hata mapokeo ya mheshimiwa mtawa hayakusalimika. Nchini Thailand, miaka ya 1990, hekalu la Dhammakaya karibu na Bangkok lilifundisha kwamba nirvana ndiyo nafsi ya kweli, na mtawa msomi Payutto akaandika kitabu kulipinga.

MTAWA: Hilo linathibitisha ninalosema. Ukishaacha kuuliza "ni nini hapa si changu" na kuanza kuuliza "mwishoni kuna nini", utazunguka na kuirudia nafsi, au utaangukia hapana chochote. Buddha alitoa dawa ya mateso.

MWANAMANTIKI: Mateso ya nani? Shantideva, mtawa wa Nalanda wa karne ya 8, alifika mwisho wa njia hii. Mguu ukichomwa na mwiba, mkono unautoa, ingawa maumivu si ya mkono. Na kwa kuwa hakuna mwenye maumivu, alisema, mipaka kati ya yangu na yako haina msingi. Maumivu yazuiwe kwa kuwa ni maumivu. Inavutia. Lakini mwaka 1998 Paul Williams, msomi Mwingereza aliyetumia miaka mingi akichambua Ubuddha huu, alisema hoja hiyo inabomoa huruma iliyokusudia kuijenga. Maumivu yasiyo ya mtu yeyote hayaeleweki. Daktari hatibu maumivu yanayoelea hewani, anamtibu mgonjwa.

MTETEZI WA UTUPU: Williams alimsoma Shantideva kana kwamba amefuta watu. Alichofuta ni upendeleo. Mgonjwa yupo kama gari lilivyopo: anaugua, ana jina, anahitaji dawa. Sina sababu ya kumtanguliza mgonjwa mmoja eti kwa kuwa ni mimi.

MWANAHISTORIA: Swali hili lina watu ndani yake, na Ambedkar, kiongozi wa waliodharauliwa nchini India, alilijua hilo. Tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, aliingia Ubuddha pamoja na umati wa mamia ya maelfu, wengi wao wa jamii zilizoitwa najisi katika mfumo wa matabaka. Katika utangulizi wa kitabu chake kuhusu Buddha na Dhamma, kilichotoka 1957 baada ya kifo chake, aliorodhesha mambo yaliyomsumbua, na mojawapo lilikuwa hili hili: Buddha alikana nafsi, kisha anasemekana kukubali karma na kuzaliwa upya, vinapatanaje? Hakuwa akicheza na mantiki. Watu wake walikuwa wameambiwa kwa karne nyingi kwamba unyonge wao ni malipo ya maisha yaliyopita. Yeye alikata: hakuna roho inayohama, na hakuna deni la dhambi linalomfuata mtoto tumboni.

MTAWA: Namheshimu, lakini alikata zaidi ya alivyokata Buddha. Karma inayovuka kifo imo katika sutra kila mahali.

MTETEZI WA UTUPU: Lakini hoja yake dhidi ya tabaka ni utupu mtupu. Hakuna mtu aliye najisi kwa asili yake, kwa sababu hakuna mwenye asili. Mngeibakiza asili kwa Brahmin, mngembakizia pia aliyedharauliwa.

MWANAMANTIKI: Wembe huo unakata pande zote. Katika karne ya 17 Takuan Soho, mtawa wa Zen, alimwandikia Yagyu Munenori, mwalimu wa upanga wa nyumba ya Tokugawa, kwamba anayepiga ni mtupu, upanga ni mtupu, na anayepigwa ni mtupu. Wazo hilo halikulala. Brian Victoria, ambaye mwenyewe ni padri wa Soto Zen, alionyesha katika kitabu chake cha 1997 jinsi walimu mashuhuri wa Zen walivyolitumia kuwapeleka vijana wa Japani vitani katika karne ya 20: askari asiye na nafsi hutii bila kusita na kufa bila kulalamika. Pingamizi la mfalme Milinda lilipata mwili. Hakuna muuaji, hakuna aliyeuawa.

MTETEZI WA UTUPU: Nagarjuna alionya kwamba utupu ukishikwa vibaya humwangamiza aliyeushika, kama nyoka. Sura yake ya 24 imejaa jibu kwa wanaosema utupu unafuta wema na ubaya. Walimu wale walifanya nini? Waliifuta nafsi ya askari wakaiacha nafsi ya taifa na ya mfalme, imesimama, haiguswi. Huo ni utupu nusu. Na kulikuwa na mwingine. Uchiyama Gudo, padri wa Soto katika hekalu dogo la milima ya Hakone, alisoma katika Sutra ya Almasi kwamba katika ukweli huu hakuna wa juu wala wa chini, akaona wakulima wapangaji waliomzunguka, akachapa kijitabu kwa siri hekaluni mle mle, akiwaambia hawana deni la utii kwa mabwana wa ardhi wala kwa mfalme. Alinyongwa Januari 1911.

MWANAHISTORIA: Dhehebu lake lilikuwa limekwisha kumfukuza upadri mwaka 1910. Mwaka 1992 Soto ilitoa tamko la toba kwa watu wa Asia kwa jinsi ilivyoshirikiana na ukoloni na vita vya Japani. Mwaka 1993 ikamrudishia Gudo hadhi yake, miaka 82 baada ya kitanzi.

MWANAMANTIKI: Basi nijibiwe. Waliomfukuza walikwisha kufa. Wengi wa waliotubu walikuwa hawajazaliwa. Nani alitubu, kwa kosa la nani?

MTETEZI WA UTUPU: Swali hilo linamlemea bwana mwanamantiki kuliko sisi. Kwa mwenye kuamini nafsi ya kudumu, nafsi zilizokosa zimeondoka na nafsi zilizotubu hazina hatia, kwa hiyo toba ni maigizo. Kwetu, dhehebu halikuwahi kuwa na nafsi. Lina mahekalu yaliyorithiwa, mafundisho yaliyorithiwa, heshima na fedha zilizorithiwa, na deni lililokuja na hivyo vyote.

MTAWA: Hapo siwezi kumfuata mtetezi. Karma ni nia. Aliyetia saini ya kumfukuza Gudo alikwenda na nia yake katika mfuatano wake mwenyewe, na tamko la 1992 halikumfikia. Dhehebu linaweza kurekebisha makosa, na ni vema lilifanya hivyo. Haliwezi kuvuna kwa niaba ya mtu.

MWANAMANTIKI: Na hadhi? Alirudishiwa nani, ikiwa Gudo hayupo popote, na kwa maana yenu ya mwisho hakuwapo hata alipokuwa hai?

MTETEZI WA UTUPU: Alirudishiwa yule yule aliyenyang'anywa: mtu mwenye jina, hekalu, majirani na maandishi, aliyekuwapo kwa kutegemea hayo yote. Chandrakirti alilipekua gari kwa njia saba katika karne ya 7, asilipate, na bado hakumzuia mtu kupanda.

MWANAMANTIKI: Mtu aliyepo kwa kutegemea mafungu yake, asiye kitu kimoja nayo wala kitu mbali nayo, anayetenda, anayedhulumiwa na anayerudishiwa haki. Sammitiya walisema nini zaidi ya hapo, hata wakaitwa wazushi?

MTETEZI WA UTUPU: Walisema neno moja zaidi. Walipoulizwa kama mtu huyo anapatikana kwa maana halisi na ya mwisho, walijibu ndiyo. Jibu hilo Nagarjuna hakulitoa kuhusu mtu, wala kuhusu kiasili chochote, wala kuhusu utupu.